Maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashine za ofseti zinazokula umeme kidogo

Sisi tuna matbaa hapa Malindi. Tunachapa kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, menyu za hoteli, kalenda, vijitabu vya maulidi na, msimu wa kura ukifika, mabango ya wagombea. Kwa miaka kadhaa tumehangaika kupunguza umeme unaoliwa na mashine zetu, na habari zimeenea. Wenzetu wa Lamu, Kilifi na Mombasa wanapiga simu, wateja nao wanauliza wakisubiri mzigo. Tumeyakusanya maswali yale yale hapa na majibu tunayoyaamini.

"Ofseti ya shiti" ndiyo ipi?

Ni mashine inayolishwa karatasi moja moja, tofauti na ile ya magazeti inayolishwa roli. Picha inakaa kwenye pleti ya aluminiamu. Pasipo na picha pleti inashika maji, penye picha inashika wino, kisha wino unahamia kwenye blanketi ya mpira na kutoka hapo kwenda karatasini. Kwamba mafuta na maji havipatani, na kwamba hapo ndipo chapa inapopatikana, aliligundua Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, akitumia jiwe. Msingi huo haujabadilika. Kinachobadilika ni mota, upepo, taa za kukaushia na namna ya kuiweka mashine tayari, na humo ndimo umeme unamookolewa.

Umeme wangu unakwenda wapi hasa?

Karibu kila anayeuliza hunyooshea kidole mota kubwa. Nasi tulifanya hivyo, mpaka siku moja saa sita na nusu mchana. Vijana walikuwa wamesimamisha mashine kwenda kuswali Adhuhuri. Nikabaki peke yangu ukumbini, na ukumbi ulikuwa haujanyamaza. Pampu ya upepo ilikuwa inavuma, kompresa inawaka na kuzima, kikaushio cha joto pale karatasi zinapotokea kinamulika chuma kitupu, na mtambo wa kupoza maji unanguruma kwenye kona. Silinda zimesimama, hakuna hata shiti moja inayotembea. Nilimwomba fundi wetu wa umeme afunge mita ya kubana waya kwenye laini ya mashine. Tulikuta mashine "iliyosimama" inavuta zaidi ya nusu ya ule umeme inaovuta ikichapa.

Mashine ya ofseti ni familia ya mitambo. Mota kuu inazungusha silinda. Pampu zinanyonya na kupuliza upepo ili shiti iinuke, itengane na mwenzake na itue vizuri mwisho wa safari. Vikaushio vinatoa joto au mwanga. Mtambo wa kupoza unashusha joto la maji na la rola. Kompresa inasukuma vifaa vya upepo. Kwenye mashine yenye vikaushio vikubwa, hao wasaidizi wote kwa pamoja wanaweza kula kuliko mota kuu yenyewe. Usinunue chochote kabla ya kujua kwako wewe nani anakula nini.

Nitapimaje? Sina mhandisi.

Huhitaji mhandisi. Unahitaji mita ndogo kwenye laini ya mashine, daftari, na kijana mmoja mwenye bidii ya kuandika. Mwanzo wa kila kazi aandike namba ya mita na saa. Mashine ikianza kutoa shiti nzuri, aandike tena. Kazi ikiisha, aandike namba, saa na idadi ya shiti zilizokubaliwa. Wiki mbili zinatosha.

Kisha gawanya, upate yuniti ngapi kwa kila shiti 1,000 nzuri. Neno zito hapo ni "nzuri". Wauzaji wanapenda kukupa kilowati za mashine ikiwa kasi ya juu, lakini mteja hakulipi kwa kasi, anakulipa kwa shiti zilizotoka sawa.

Chukua hesabu ya mfano. Una oda ya shiti 2,000. Mashine pamoja na wasaidizi wake inavuta kilowati 14 ikichapa na kilowati 10 wakati wa kuiweka sawa. Kwa kasi ya shiti 6,000 kwa saa, kuchapa kunachukua dakika 20, karibu yuniti 4.7. Kuiweka sawa kunachukua dakika 50, karibu yuniti 8.3. Jumla ni 13, yaani yuniti 6.5 kwa kila shiti 1,000. Sasa mashine ni ile ile, ila matayarisho yamepungua hadi dakika 20. Hapo unatumia yuniti 3.3 kuandaa na zile zile 4.7 kuchapa, jumla 8, au 4 kwa kila shiti 1,000. Hujagusa mota wala hujanunua taa mpya. Kwa matbaa za Pwani, ambako oda nyingi ni ndogo ndogo, mchezo mzima uko kwenye dakika za matayarisho.

Basi mashine mpya zina nini ambacho za zamani hazina?

La kwanza ni mota. Baadhi ya mashine za miaka ya 1970 na 1980 zinatumia mota za DC zenye brashi, zinazochakaa na kupoteza umeme kwa joto. Mashine za sasa zina mota za AC zinazoongozwa na kidhibiti kasi cha kielektroniki, ambacho mafundi wetu wanakiita draivu. Mota siku hizi zina madaraja ya kimataifa kuanzia IE1 hadi IE5, na kadiri namba inavyopanda ndivyo hasara inavyopungua. Soma kibati cha mota yako. Kama imewahi kuungua ikasukwa upya mara mbili tatu, usitegemee kwamba bado iko kwenye daraja lililoandikwa.

La pili ni mgawanyo wa kazi. Zamani mota moja ilizungusha kila kitu kupitia msururu wa gia. Watengenezaji kama Koenig & Bauer waliweka mota za pekee kwa fida, yaani sehemu inayoilisha mashine karatasi, na hata kwa kila silinda ya pleti, hivyo pleti za rangi zote zinabadilishwa kwa wakati mmoja huku blanketi zinasafishwa. Mota ndogo nyingi zinaweza kuonekana mzigo zaidi. Faida yake iko kwenye dakika, maana shughuli zilizokuwa zikifuatana foleni sasa zinakwenda pamoja.

La tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni macho. Mashine mpya ina kifaa kinachosoma rangi kwenye shiti na kurekebisha wino chenyewe, na kamera zinazoangalia kama rangi zimekaa mahali pake. Fundi mzuri wa zamani aliyezoea kioo cha kukuzia alihitaji mamia ya shiti mpaka aridhike. Mashine hizi zinafika kwa makumi. Kwenye maonyesho ya uchapaji ya drupa, mjini Düsseldorf, mwaka 2016, Heidelberg walionyesha mashine inayotoka kazi moja kwenda nyingine yenyewe, na mwendeshaji anaingilia kati pale tu anapotaka kuisimamisha. Karatasi ambayo haikuharibika imeokoa umeme wa mashine yako, na pia umeme, maji na mafuta yaliyotumika kiwandani ilikotengenezwa na melini ilikoletwa. Kwa kazi nyingi za ofseti karatasi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa hewa chafu, mashine inafuata nyuma.

Kasi nayo imepanda. Mashine kubwa za shiti za sentimita 70 kwa 100 zinafika shiti 18,000 kwa saa na kuzidi. Kwa Malindi hilo halinishughulishi sana. Hatuna oda za kuilisha.

Na huo upepo? Nimeambiwa ndiko kwenye pesa.

Ni kweli, na ni pesa ambayo unaweza kuiokota bila mkopo wa benki.

Anza na feni na vipulizio. Feni ina kanuni yake: umeme inaoutaka unafuata mchemraba wa kasi (kasi × kasi × kasi), yaani kasi ikishuka hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi karibu nusu. Mashine za zamani zinaendesha kipulizio kwa kasi moja mchana kutwa, na mwendeshaji akitaka upepo kidogo anafungua valvu ili uliozidi utoke nje. Umelipia upepo kisha ukaumwaga. Mashine mpya zina kabati moja la upepo lenye draivu, linalotoa kiasi kinachotakiwa na aina ya karatasi. Karatasi nyembamba ya stakabadhi haihitaji upepo wa kadi ya gramu 300.

Draivu ya namna hiyo inaweza kufungwa kwenye mashine ya zamani. Sisi tulifunga moja kwenye pampu ya fida. Ila mwambie fundi asifunge kwenye kila pampu bila kuuliza: pampu nyingine zinategemea kasi yao kujipaka mafuta au kujipoza, na ukizishusha sana zinaungua.

Kisha kompresa. Kila bar moja ya shinikizo unayoishusha inapunguza umeme wa kompresa kwa takriban asilimia 6 hadi 7. Wengi wameipandisha hadi bar 8 au 9 kwa sababu mwisho wa mpira upepo ulikuwa hautoshi, na haukutosha kwa sababu mipira inavuja. Usiku, mashine zote zikiwa kimya, jaza tangi, zima kompresa, keti usikilize. Chukua sponji yenye maji ya sabuni, pitisha kwenye kila kiungo, tazama povu. Usiku wetu wa kwanza tulikuta sehemu kumi na moja, na moja ilikuwa nyuma ya gilotini ambayo hakuna aliyeikumbuka. Tulimaliza kabla ya saa nne usiku kwa vibano vya shilingi chache na mita mbili za mpira mpya.

Taa za LED za kukaushia zimesifiwa sana. Zinafaa hapa?

Zinafaa, lakini si kwa kila mtu, na hesabu ya Pwani si hesabu ya Ulaya.

Wino wa kawaida unakauka kwa kunywewa na karatasi na kwa kugandishwa na hewa. Kazi hiyo inataka muda, na masika inataka muda mrefu zaidi, maana karatasi imeshiba unyevu. Ndiyo maana mteja anatuambia, "Ami, kadi hizi mbona zinaniachia rangi vidoleni?" Wino wa UV unagandishwa na mwanga wa urujuanimno papo hapo, na shiti ikitua unaweza kuigeuza na kuchapa upande wa pili.

Taa za UV za zamani ni za zebaki. Zinataka dakika kadhaa kupata moto, na ukizizima hazikubali kuwaka tena mpaka zipoe, kwa hiyo waendeshaji wanaziacha zinawaka wakati wote wa matayarisho. Sehemu kubwa ya umeme wake inakuwa joto, na zinatoa ozoni inayohitaji bomba la kuitoa nje. Baadaye zikaja taa za zebaki za nguvu ndogo zisizotoa ozoni, kama mfumo wa H-UV wa Komori. LED ni hatua nyingine. Ryobi walionyesha ofseti ya shiti yenye LED-UV waliyoitengeneza pamoja na Panasonic kwenye drupa ya mwaka 2008. LED inawaka shiti inapopita na kuzima isipopita. Inaweza kuwashwa kwa upana wa karatasi iliyopo tu. Taa ya zebaki kwa kawaida inatumika saa elfu moja na kitu hadi elfu mbili, LED inahesabiwa kwa saa 20,000 na kuendelea. Haina zebaki, na dunia imekwisha kukubaliana kuipunguza zebaki kupitia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013.

Sasa yale ambayo brosha haisemi kwa sauti. LED nayo inatoa joto, ila joto hilo linatokea nyuma, kwenye chipu, na lazima liondolewe kwa maji baridi. Mtambo huo wa kupoza unakula umeme, na chumba chenye nyuzi 32 unakula zaidi. Ukihesabu umeme wa taa peke yake umejidanganya. Pili, LED inatoa mwanga wa mstari mwembamba, kati ya nanomita 365 na 405 kutegemea aina, kwa hiyo inataka wino uliotengenezwa kwa ajili yake, na wino huo ni ghali. Tatu, rola na blanketi ziwe za kustahimili wino wa UV, la sivyo zinavimba. Sisi tumefikia uamuzi huu: kama unachapa kazi nyingi za karatasi zisizonyonya, plastiki au kadi nzito za haraka, LED itajilipa. Kama kazi yako ni vitabu vya risiti na daftari, iache.

Wino wa UV una madhara?

Ukishagandishwa sawasawa umetulia. Ukiwa mbichi, unaweza kuifanya ngozi iwe na mzio wa kudumu. Vaa glavu za nitraili, si za mpira mwembamba wa kawaida, na usitazame taa kwa macho matupu.

Tunaweza kuutumia kwenye maboksi ya halwa?

Wino wa kawaida wa UV, hapana. Una vichocheo vya kugandisha ambavyo vinaweza kuhama na kuingia kwenye chakula, hasa chenye mafuta, na halwa imejaa samli. Mwaka 2005 nchini Italia maziwa ya watoto yaliondolewa madukani baada ya kukutwa na kichocheo cha wino kiitwacho ITX, kilichohama kutoka kwenye pakiti. Kuna wino maalumu usiohama. Usipoweza kuupata, chapa kwa wino wa kawaida unaofaa vyakula, na ndani weka karatasi ya kuzuia. Hili hatulifanyii biashara ya maneno. Mtoto wa mtu atailamba ile halwa.

Kwa nini mnasema hesabu ya Pwani si hesabu ya Ulaya?

Soma brosha yoyote ya Ujerumani utaona wanajivunia kurudisha joto. Karibu asilimia 90 ya umeme unaoingia kwenye kompresa unageuka joto. Kule, Januari, wanalichukua wakapashia ukumbi na ofisi, na wanaliandika kama akiba. Hapa Malindi joto hilo halina wa kumpa. Ukiliacha chumbani, kiyoyozi kinafanya kazi ya kulitoa, umelipia mara mbili. Kadhalika wao wanapoza maji ya mashine kwa hewa ya nje miezi kadhaa ya mwaka. Sisi hewa ya nje ni ya kaskazi. Kwa hiyo ukiona "akiba asilimia fulani", uliza ngapi kati ya hizo zinatokana na majira ya baridi.

Dawa yetu ilikuwa rahisi. Kompresa na kabati la upepo tulivitoa nje ya ukumbi, kwenye kibanda chenye paa la makuti na ukuta wa matofali yenye matundu, upande usiopigwa na jua la alasiri. Ukumbi ulipoa siku hiyo hiyo. Chujio za hewa tunazisafisha kila wiki kwa sababu ya vumbi na chumvi ya bahari.

Halafu unyevu. Karatasi inapenda chumba chenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Sisi tuna siku nyingi za asilimia 75 na zaidi. Rimu ikifunguliwa kingo zinakunywa maji kabla ya katikati, karatasi inakuwa na mawimbi, rangi hazikai mahali pake, na shiti mia zinatupwa. Kupoza ukumbi mzima usiku na mchana kunafilisi. Tulichofanya ni kujenga chumba kidogo cha karatasi, chenye mlango unaojifunga na mashine ya kukausha hewa, na karatasi haifunguliwi kanga yake mpaka saa ya kupandishwa.

Jambo moja tulilijua kwa kuumia. Maji ya kulowesha pleti tunayapoza hadi nyuzi kama 10 au 12. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Mabomba yetu yalikuwa yanatoka jasho. Matone yalishuka kwenye boriti, yakatembea polepole, yakadondokea rundo la kadi za harusi zilizokuwa tayari. Rundo zima lilikwenda na maji, na bibi harusi alikuwa anasubiri. Sponji ya kufunga mabomba, ile nyeusi ya mafundi wa friji, ingetugharimu sehemu ndogo tu ya hasara ile. Na mbali na matone, bomba lisilofungwa linapoza hewa ya ukumbi badala ya maji ya mashine, umeme unamwagika hapo kimya kimya.

Draivu na vifaa vya LED pia ni viumbe wa hali ya hewa. Nyingi zimepimwa kwa joto la mazingira hadi nyuzi 40. Ukizifungia kwenye kabati la chuma karibu na paa la mabati utazipita nyuzi hizo.

Pleti nazo zinahusiana na umeme?

Zinahusiana kiasi. Kuchoma pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta kumeondoa filamu na dawa zake. Pleti zisizohitaji dawa zinaondoa hata mashine ya kusafishia, tangi la joto na maji mengi, na Malindi maji ni suala. Pleti zilizotumika usizitupe: kuyeyusha aluminiamu iliyotumika kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye madini.

Nina GTO ya miaka ya themanini. Niiuze chuma chakavu?

Usifanye haraka. Heidelberg walianza kuitoa GTO mwaka 1972; ile ya GTO 52 inachapa shiti ya sentimita 36 kwa 52, kasi hadi 8,000 kwa saa, na bado inalisha familia nyingi Afrika Mashariki. Mashine ndogo iliyotunzwa, isiyo na kikaushio kikubwa, haili umeme mwingi kwa saa. Inapoteza kwenye matayarisho. Badilisha rola zilizokuwa ngumu, maana rola ngumu zinataka kubanwa zaidi na zinazalisha joto. Weka pleti zilizotobolewa matundu ya pini ili zikae sawa mara ya kwanza. Panga kazi za rangi moja siku moja ili usioshe wino mara tano. Andaa kila kitu, pleti, wino na karatasi, kabla kazi ya mwanzo haijaisha. Ukimaliza hayo ndipo uulize bei ya mpya.

Sola itaendesha ofseti?

Itaendesha, na kazi ya matbaa ni ya mchana, jua nalo ni la mchana, vinakubaliana. Kule Langobaya, ndani ya kaunti yetu, kuna mtambo wa sola wa megawati 40 unaolisha gridi ya taifa, kwa hiyo hakuna wa kukuambia jua la huku halitoshi. Tatizo ni kuanza. Mota inayowashwa moja kwa moja inavuta mara tano hadi nane ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi, na inveta ya sola inakata. Draivu inaianzisha pole pole na tatizo linaisha. Punguza matumizi kwanza, ndipo ununue paneli. Kila kilowati uliyoiondoa kwenye kompresa ni paneli ambayo hukuinunua.

Wapo wanaouliza kama kuna haja, ikiwa umeme mwingi wa Kenya tayari unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana. Kwa upande wa moshi ni hoja nzuri. Lakini umeme ukikatika tunawasha jenereta, na dizeli haina hoja. Lamu wanalijua hili vizuri kuliko sisi: waliishi na majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya laini kubwa kufika, na walisimama dhidi ya mtambo wa makaa ya mawe Kwasasi mpaka mahakama ya mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019.

Bili yangu ina kVA. Ni nini?

Ukiwa mteja mkubwa unalipia yuniti na pia kilele cha mzigo uliouvuta mwezi huo, nacho ndicho kinachopimwa kwa kVA. Ukiwasha mashine, gilotini, kompresa na viyoyozi dakika moja saa mbili asubuhi, kilele hicho kinakufuata mwezi mzima. Washa kwa zamu. Angalia pia kipimo cha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaouvuta ambayo kweli inafanya kazi: kikishuka chini ya 0.9 kuna nyongeza, na dawa yake ni kabati la kapasita.

Si bora dijitali?

Kwa nakala hamsini za menyu, ndiyo, na sisi tunafanya hivyo. Kwa maelfu, ofseti. Mpaka uko katikati, na daftari lako la mita ndilo litakuonyesha uko wapi kwako.

Nanunua mashine iliyotumika kutoka ng'ambo. Niulize nini?

Omba video ya mashine ikichapa, na mita ya umeme ionekane ndani ya video hiyo hiyo: ikiwa imesimama, ikiandaliwa, ikichapa. Uliza ni fezi tatu za volti ngapi, maana ya Japani si lazima ilingane na yetu ya 415, na transfoma ya kubadilisha nayo inakula. Uliza kabati la upepo na mtambo wa kupoza kama vimo kwenye bei. Muuzaji mmoja alituletea mashine safi kabisa, ila vyote viwili vilibaki huko huko, na tulivyonunua badala yake vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Mpaka leo vinakula zaidi ya inavyostahili.

Mimi ni mteja tu. Naweza kusaidia nini?

Sana kuliko unavyodhani. Soma sampuli vizuri, mpe na shangazi asome majina, kisha idhinisha. Herufi moja iliyosahauliwa ikigunduliwa mashine ikiwa imeshaanza ni pleti mpya, matayarisho mapya na shiti za kutupa. Kubali ukubwa wa kawaida ili karatasi isikatwe ovyo. Na kama kazi yako ni ndogo na haina haraka, tuambie, tutaiweka kwenye shiti moja na kazi za wengine.

Kwa wateja wa Lamu tumeweka utaratibu: faili zote zilizoidhinishwa hadi Jumatatu jioni zinachapwa pamoja Jumanne, zinakatwa Jumatano zikiwa zimekauka, na Alhamisi alfajiri zinapanda basi hadi Mokowe. Kila boksi tunalifunga nailoni mara mbili, kwa sababu kutoka gatini Mokowe hadi Amu bado kuna boti, na mawimbi ya kusi yanaruka.